Kilele cha 2270 kimeisha: je, vanishi imeiva?

Swali: "Mtaalamu, salamu. Niko Mombasa, nakagua ubora katika karakana ya boti. Tunapuliza vanishi safi ya poliuretani ya pakiti mbili, ya akriliki na hadena. Kiangazi haitusumbui. Masika ikifika inakauka vizuri, vumbi haliishiki, lakini baada ya miezi miwili mitatu mng'ao unafifia, na ukiifuta kwa kitambaa chenye thina inalainika na kunata. Mwaka huu tumepata nafasi ya kutumia mashine ya FTIR, inayopima vitu kwa mionzi ya infraredi, yenye fuwele ya almasi. Nimebana kipande cha vanishi ya siku nne, na kilele cha isosayaneti cha 2270 hakipo kabisa. Muuzaji ameiona grafu, akasema imeiva asilimia mia, kosa ni la wapulizaji. Je, kweli imeiva? Na kama haijaiva, mashine hii inaweza kunionyesha nini?"

Ndugu yangu, ahsante kwa swali, na hasa kwa kuja na kipimo mkononi. Jibu fupi ni kwamba grafu hiyo haithibitishi kuwa vanishi imeiva. Inathibitisha jambo dogo zaidi: katika maikromita moja hivi ya utando iliyogusa almasi, isosayaneti imekwisha. Imekwenda wapi? Kilele kimoja hakisemi, na kwa hali ya hewa ya pwani wakati wa masika, hilo ndilo swali linalotakiwa kujibiwa.

Mafundi wengi hutumia "kukauka" na "kuiva" kama neno moja. Mpishi hatumii hivyo, kwa sababu anajua wali unaweza kukaukiwa maji na punje zikabaki na kiini. Kukauka kwa vanishi ni thina kuondoka, kazi ya saa chache. Kuiva ni kazi ya hadena. Ndani ya hadena ya vanishi safi za aina yenu, kwa kawaida kuna heksamethilini diisosayaneti iliyounganishwa tatu tatu kuwa pete, na kila pete ina mikono mitatu yenye kundi la NCO, yaani isosayaneti yenyewe. Ndani ya kopo kubwa kuna polioli ya akriliki, mnyororo mrefu uliobeba makundi ya OH. NCO ikikutana na OH hufungwa kifungo cha urethani. Pete moja ikishika minyororo mitatu, na minyororo hiyo ikashikwa na pete nyingine, hatimaye utando mzima unakuwa wavu mmoja. Wavu huo ndio unaoizuia thina isiilainishe vanishi. Kemia hii ilianzishwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, na leo imo kwenye magari, ndege, sakafu, soli za viatu na magodoro.

Magodoro nimeyataja makusudi. Ukitaka godoro la sponji, unatia maji kwenye mchanganyiko. Maji humenyuka na NCO, gesi ya kabonidayoksaidi inatoka, na gesi hiyo inaumua povu kama hamira inavyoumua mandazi. Mahali pa ile NCO panabaki amini, nayo amini hukamata NCO ya pili kwa kasi kubwa na kufunga kifungo kingine, cha urea. Kwa mtengeneza godoro hiyo ni neema. Kwa mpaka vanishi ni hasara, kwa sababu molekuli moja ya maji imekula NCO mbili. Kwa uzito, gramu 1 ya maji inaweza kumaliza nguvu ya gramu 21 hivi za hadena yenye asilimia 21.8 ya NCO. Sasa fikiria hewa mnayopulizia. Hewa ya nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya kupimia rangi maabara, ina gramu 10 hivi za maji katika mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 ina gramu 24.

NCO iliyoliwa na maji haikumfikia mwenzake OH. Polioli iliyokosa mkono wa kuishika inabaki imelala ndani ya utando, imezungukwa na urea ngumu. Mkononi vanishi inahisi ngumu, kwa kuwa urea ni ngumu kweli. Kisha jua la miezi miwili, maji ya chumvi na tone la petroli vinakuja kuonyesha kwamba wavu una matundu.

Twende kwenye mashine. Vifungo vya kikemia hutikisika kama nyuzi za udi, kila uzi kwa sauti yake, na kila kifungo hufyonza mionzi ya infraredi inayolingana na mtikisiko wake. Namba unazosoma chini ya grafu ni idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. NCO hufyonza karibu na 2270, eneo ambalo vitu vingi vya kwenye rangi havifyonzi kitu, kwa hiyo kilele chake kinasimama peke yake, kirefu, na unaweza kukitazama kikishuka saa baada ya saa. Ndiyo maana kila mtu hukikimbilia. Nami nakipenda, na sitaki ukiache. Ila kinahesabu walioondoka nyumbani tu. Hakikuambii nani kaenda shamba na nani kachukuliwa na mkondo.

Kabla ya kutafuta walikokwenda, hakikisha kwanza kwamba wameondoka kweli. Hapa fuwele ya almasi ina mambo mawili ya kukuchanganya. La kwanza ni kina. Mionzi haipiti utando wote. Inadonoa uso uliogusana na fuwele na kufifia. Kwa vanishi ya kawaida juu ya almasi, kwenye 2270, kina hicho ni maikromita 0.9 hivi. Hata ukikizidisha mara tatu, hujafika maikromita 3, na vanishi yenu bila shaka ina 40 au 50. Na naamini upande ulioubana ni wa juu, uliokuwa ukitazama hewa. Huo ndio upande ambao unyevu huuanza. Inawezekana kabisa uso umemalizwa na maji huku chini bado kuna NCO nzima nzima.

Jambo la pili ni almasi yenyewe. Inafyonza mionzi kati ya 1900 na 2300, kwa hiyo mahali pale pale unapotafuta mabaki ya NCO ndipo mashine ina mwanga hafifu na mstari una mtetemeko. Kilele kidogo kinaweza kuzama humo. Ongeza idadi ya michapo, yaani mara ambazo mashine inasoma sampuli, hadi 64 au 128 badala ya 16, kwa mwachano (ukali wa kutenganisha vilele) wa 4, na upime usuli, yaani fuwele tupu, upya kila baada ya dakika chache. Angalia pia kabonidayoksaidi ya hewani, inayoonekana kama pembe mbili karibu na 2350. Ukiinamia fuwele huku unapumua, pumzi yako itaandika pembe hizo kwenye grafu, na mtu asiye na uzoefu atazihesabu kama NCO au zitamharibia mstari wa chini. Wanafunzi wangu nawaambia waweke sampuli, wasogee, wahesabu hadi thelathini, ndipo waanze kupima.

Ili kuuona upande wa chini, paka vanishi ile ile juu ya polipropilini, kwa mfano jalada la faili la plastiki, kwa kuwa haishiki hapo. Ikikauka unaibandua kama ganda. Bana upande wa juu, kisha wa chini, kwa kipande kile kile. Ukiona NCO chini na juu hakuna, umepata jibu la nusu ya swali lako, na umepata onyo pia: vumbi la msasa kutoka vanishi ya siku nne lina isosayaneti hai. Isosayaneti ikishaanza kumsumbua mtu kifuani, inaweza kumletea pumu ya maisha ambayo huamshwa na kiasi kidogo sana. Wapulizaji wenu wanastahili barakoa yenye hewa ya kupelekwa kwa mpira, na anayepiga msasa asidhani kazi yake ni salama kwa sababu rangi "imekauka".

Sasa hesabu. Usilinganishe urefu wa kilele cha leo na cha jana moja kwa moja, kwa sababu mgandamizo wa sampuli kwenye fuwele haufanani kila siku. Gawanya ufyonzaji wa 2270 kwa ufyonzaji wa kitu kisichobadilika ndani ya vanishi. Wengi hutumia vilele vya CH (kifungo cha kaboni na haidrojeni) kati ya 2860 na 2960, navyo vinafaa, ila vina mtego mkubwa katika nusu saa ya kwanza. Thina nayo ina CH. Inapoondoka, kigawanyo kinapungua, na hesabu inakuambia NCO inaongezeka, jambo lisilowezekana. Nimeona watu wakitupa data nzuri kwa ajili ya hilo, na wengine wakiisawazisha kwa nguvu. Acha thina iondoke kwa dakika 20 au 30, tazama vilele vya asetati karibu na 1240 mpaka vitulie, ndipo uhesabu kipimo hicho kuwa mwanzo wako, na uandike wazi kwamba mmenyuko ulikuwa umeshaanza kidogo. Kama polioli yenu ina stairini, na nyingi za akriliki zinayo, kilele chembamba cha 700 ni kigawanyo kizuri zaidi baada ya thina kutoka, kwa kuwa stairini haimenyuki na wala haiendi popote.

Jaribio ninalokuomba ulifanye kabla ya kubishana tena na muuzaji ni la bei ndogo sana. Tafuta mitungi mitatu yenye mifuniko ya kubana. Wa kwanza utie jeli ya silika iliyokaushwa vizuri, hewa yake iwe kavu. Wa pili utie magnesi kloridi iliyoloweshwa hadi iwe kama uji mzito. Hewa ya juu yake itatulia kwenye unyevu wa asilimia 33 hivi. Wa tatu utie chumvi ya mezani iliyoloweshwa vivyo hivyo, na hewa yake itakuwa na asilimia 75, ambayo ni hali ya masika yenu bila kwenda baharini. Changanya vanishi mara moja, kwa mizani, paka vipande vya unene mmoja, viache vyote vitoe thina pamoja kwenye chumba chenye kiyoyozi, kisha vigawe. Pima kila kimoja baada ya saa 4, siku 1, 2, 4, 7 na 14, juu na chini.

Nitakuambia mapema ninachotarajia. Katika mtungi mkavu NCO itashuka kwa kasi siku ya kwanza, kisha itapunguza mwendo, na huenda wiki mbili zikapita bado kuna kilele kidogo. Katika mtungi wa chumvi ya mezani kitaisha kabisa mapema. Mtu anayetazama 2270 peke yake atasema wa chumvi ndio uliofaulu na mkavu ndio ulioshindwa. Sasa futa vipande vyote viwili kwa kitambaa chenye ketoni, ile MEK ya madukani, ukihesabu misuguo ya kwenda na kurudi. Nadhani wa mtungi mkavu utavumilia zaidi. Hapo ndipo utaelewa kwa vidole vyako kwa nini nakataa kilele kimoja kiwe hakimu.

Kwa nini mabaki ya NCO hukaa katika mtungi mkavu? Kadiri wavu unavyojifunga, utando unakakamaa, na joto ambalo chini yake unakakamaa likipanda hadi kufikia joto la chumba, minyororo haiwezi tena kusogea. NCO inabaki hapa, OH iko pale, na hakuna wa kumfuata mwenzake. Kitu pekee kidogo cha kutosha kupenya humo ni molekuli ya maji. Kwa hiyo mabaki ya mwisho, katika boti yoyote iliyoachwa kwenye hewa ya kawaida, kwa sehemu kubwa huishia kuwa urea hata kama kazi ilifanywa vizuri. Urea kidogo ya mwisho haina shida. Inayoumiza ni urea ya saa za kwanza, iliyochukua NCO ambazo bado zilikuwa na nafasi ya kufunga wavu. Joto husaidia hapa kwa njia mbili: linalegeza minyororo ili isogee, na linaharakisha mmenyuko. Kwa nishati ya kuamsha ya kilojuli 50 hivi kwa moli, inayokubalika kwa michanganyiko mingi ya namna hii, nyuzi kumi zaidi zinakaribia kuzidisha kasi mara mbili.

Walikokwenda sasa. Watu hukimbilia eneo la kabonili (kifungo cha kaboni na oksijeni), kati ya 1600 na 1780, kwa sababu vitabu vinasema urethani iko karibu na 1730 kama iko huru na karibu na 1700 ikiwa imeshikwa na kifungo cha haidrojeni, na urea iliyojipanga iko karibu na 1640. Ni kweli. Lakini vanishi yako ni ya akriliki, na esta za akriliki zimekaa pale pale kwenye 1730, kilele kikubwa kama mbuyu. Pete ya hadena nayo ina kabonili yake karibu na 1690. Kutafuta urethani mpya katikati ya hivyo viwili kwa macho ni kujidanganya. Tumia programu ya mashine kutoa grafu ya mtungi mkavu kutoka grafu ya mtungi wa chumvi, zote mbili zikiwa zimesawazishwa kwa kigawanyo kile kile. Kinachobaki juu ya mstari ni kile ambacho unyevu umeongeza. Kilicho chini ni kile ambacho unyevu umekizuia. Nenda pia eneo la jirani, 1500 hadi 1600, ambako esta na pete ya hadena hazina makelele. Urethani ya aina hii huinua kilele karibu na 1525. Urea huinua chake juu kidogo, karibu na 1565. Bega la 1565 likikua pamoja na la 1640, na 1525 ikabaki fupi kuliko kwenye mtungi mkavu, maji yamekula hadena yako.

Kuna tahadhari moja ambayo ikisahaulika itaharibu kazi yote. Maji yenyewe, yaliyofyonzwa na utando, yana kilele karibu na 1640, na mvuke wa maji uliomo ndani ya mashine unaandika miiba mingi kati ya 1300 na 1900. Ukitoa kipande kwenye mtungi wa chumvi na kukibana moja kwa moja, utaona "urea" ambayo ni maji ya kawaida. Kiache kipande usiku mmoja kwenye silika kabla ya kupima. Kilele cha 1640 kikibaki baada ya hapo, na cha 1565 kikiwa kando yake, ndipo uamini.

Mpaka hapa nimeutaja unyevu wa hewa kana kwamba ndio mwizi pekee. Katika karakana nyingi kuna mwizi wa pili, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu infraredi haimkamati kirahisi: thina. Thina za kawaida za madukani mara nyingi zina alkoholi ndani yake. Alkoholi ina OH, na NCO haijui kubagua OH ya polioli na OH ya ethanoli. Inafunga urethani nayo, urethani halali kabisa, kilele cha 1525 kinainuka vizuri, 2270 inaisha, hakuna urea, kila kitu kwenye grafu kinapendeza. Ila ule mkono wa pete umeshika kitu kisicho na mwendelezo, kama kamba iliyofungwa kwenye kijiti badala ya nguzo. Wavu haupo. Grafu inahesabu vifungo. Haijui kama vifungo hivyo vimeunganisha chochote.

Bahati njema, thina yenyewe unaweza kuikamata kabla haijaingia kwenye kopo. Weka tone lake juu ya almasi na ulipime haraka kabla halijakauka. Thina inayofaa poliuretani ni ya esta, ketoni na zailini, na eneo la 3200 hadi 3600 linapaswa kuwa tupu. Ukiona mlima mpana karibu na 3350, na vilele vya ziada kati ya 1000 na 1100, una alkoholi au glikoli humo, na thina hiyo ioshee vifaa tu. Kazi ya dakika moja. Ningeifanya kwa kila pipa linaloingia, masika na kiangazi, na karatasi yake niihifadhi. Maji machache ndani ya thina hutayaona kwa njia hii. Kwa hayo peleka sampuli kwenye maabara yenye kipimo cha Karl Fischer, na omba yawe chini ya asilimia 0.05. Lita moja ya thina yenye asilimia 0.5 ya maji inaweza kukuibia gramu 90 hivi za hadena, na hakuna mtu atakayeona kitu kwa macho.

Kwa kuwa infraredi haioni wavu, mpe msaidizi. Pima kipande cha utando, gramu 0.3 kinatosha, kikaushe kwa nyuzi 60 mpaka uzito utulie, kisha kiloweke kwenye asetoni ndani ya chupa yenye mfuniko kwa saa 24, ukibadilisha asetoni mara moja. Kikaushe tena na ukipime. Kilichopungua ni kile ambacho hakikushikwa na wavu. Vanishi iliyoiva hupoteza asilimia chache tu. Na asetoni uliyoitoa usiimwage. Iache ikauke tone kwa tone juu ya almasi, upime mabaki. Ukiona esta ya 1730 kubwa, mlima wa OH karibu na 3500, na hakuna 1690 wala 1525, unatazama polioli tupu, ile ambayo hadena haikuifikia. Ukiona 1690 na 1525 pia zimo, basi hadena ilimenyuka lakini vipande vyake vimeachwa vikielea, na hapo mshuku thina yenye alkoholi. Kwangu mimi kipimo hiki cha mabaki ndicho chenye thamani kuliko vyote nilivyokueleza.

Kuhusu muuzaji na wapulizaji: alichosema juu ya kilele ni sahihi, alichokitoa humo ndicho kimezidi uzito wa ushahidi. Na wapulizaji wanaweza kuwa hawana kosa kabisa. Waulize walipuliza saa ngapi. Hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 26, na boti iliyolala nje usiku inaweza kuwa chini ya hapo mpaka jua lipande. Uso uwe na angalau nyuzi 3 juu ya joto la umande, na kipimajoto cha uso ni bei nafuu kuliko kupaka boti upya. Hadena inunuliwe kwenye makopo madogo, na kopo lililofunguliwa masika lisirudishwe rafuni kwa wiki nyingi. Likiwa na maji ndani, kabonidayoksaidi hulitunisha, na kufunga mfuniko kwa nguvu ni hatari. Tabia ya kuongeza hadena "kidogo" ili kufidia masika siipendi. Ziada ndogo ambayo mtengenezaji mwenyewe ameiandika inakubalika, lakini ya kubahatisha huongeza urea na kufanya vanishi iwe kavu ya kuvunjika, bila kuipa polioli mkono ilioukosa. Zungumza na mtengenezaji kuhusu kichocheo: cha bati, kilicho cha kawaida, huharakisha NCO kwa polioli na kwa maji pia, wakati vipo vya zikoniamu vilivyoundwa ili vipendelee polioli.

Zimebaki boti mlizokwisha kuzipaka, na hapa uamuzi unategemea upande wa chini wa utando. Bandua au kwangua kipande kidogo mahali pasipoonekana na ukipime chini. Kama 2270 bado ipo, kuna kitu cha kuokoa: pasha kwa taa za joto, nyuzi 50 hadi 60 kwenye uso kwa saa moja au mbili kama faiba na gundi ya chini vinaruhusu, katika siku kavu, kisha pima tena juu na chini. Kama 2270 haipo hata chini, na asetoni inatoa polioli nyingi, joto halitasaidia kitu, wala kuipa muda zaidi, kwa kuwa hakuna NCO iliyobaki ya kufunga kifungo. Usipulize koti jipya juu yake. Thina ya koti hilo italainisha la chini na yote mawili yataharibika. Hiyo ikwanguliwe mpaka chini, ipigwe msasa na mtu aliyevaa barakoa, na ianzwe upya.